Nani Ataleta Askari?

Nimekulia Ngara, mkoani Kagera, si mbali na daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda. Nilizaliwa baada ya 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, lakini mwaka huo haukuwahi kuondoka nyumbani kwetu. Mama alikuwa binti mdogo tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walipovuka mpaka kutoka Rwanda ndani ya saa 24 na kujaa Benaco, wilayani kwetu. Hutusimulia jinsi mto Kagera ulivyoshusha maiti hadi Ziwa Victoria, na watu wa kando ya ziwa wakaogopa kula samaki. Akimaliza, huuliza: "Hao wakubwa wa dunia walikuwa hawaoni?" Nami nilikua na jibu lile linalorudiwa kila Aprili, kwamba dunia ilinyamaza.

Leo silisemi tena. Nililiachia chuoni, kwenye mikutano ya kuigiza Umoja wa Mataifa ambayo wanafunzi tunaiita MUN, na kilichonifikisha huko ni fomu ya kuchagua kamati.

Kwa asiyeijua mikutano hii: mwanafunzi hupewa nchi, mara nyingi isiyo yake, akaandika waraka wa msimamo, kisha akakaa siku kadhaa kujadili, kutafuta washirika, kuandika rasimu ya azimio na kupiga kura. Kabla ya hayo huletewa orodha ya kamati achague anazozitaka kwa mpangilio. Wengi hujaza fomu hiyo kwa dakika mbili, na ushauri wanaopata kwa waliowatangulia ni kuomba Baraza la Usalama, kwa sababu ndiko kwenye heshima na tuzo.

Lakini kila kamati ina kazi yake. Kamati kubwa za Baraza Kuu zina nafasi kwa nchi zote 193, kwa hiyo anayeanza hupata pa kujifunzia bila kubanwa, ingawa anaweza kumaliza mkutano mzima akiwa amesimama kuzungumza mara mbili tu. Kazi yenyewe hufanyika kwenye vikundi, pale rasimu zinapoandikwa. Baraza la Usalama lina wajumbe 15 tu, na humo hakuna pa kujificha. Ipo pia Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambako unajenga hoja kwa ushahidi na mikataba, nami naiona inamfaa sana mwanafunzi mkimya anayesoma kwa makini. Halafu zipo kamati za dharura. Huko wajumbe hupeleka maagizo ya siri kwa kikosi cha waandaaji, kikosi hicho kinarudisha habari mpya kila baada ya muda, na hali hubadilika usiku kucha. Zinapendwa mno. Zinafundisha wepesi wa kuamua, hilo sikatai. Ila nimeona vijana wakipanga mauaji kwenye vikaratasi huku wakicheka, kwa sababu kila kifo huwasogeza karibu na ushindi, na mtu aliyekulia kando ya Rusumo hawezi kukaa chumba hicho kwa amani.

Kamati ya aina nyingine kabisa ndiyo iliyonishika: kamati ya kihistoria. Mwaka mmoja waandaaji waliweka Baraza la Usalama la Aprili 1994. Niliiandika ya kwanza. Nikapewa Nigeria.

Wajumbe kumi wasio wa kudumu mwaka ule walikuwa Argentina, Brazil, Djibouti, Hispania, Jamhuri ya Czech, New Zealand, Nigeria, Oman, Pakistan, na Rwanda yenyewe. Ndiyo, Rwanda. Mwakilishi wa serikali ambayo watu wake walikuwa wakiongoza mauaji aliketi kwenye meza hiyo, akasikiliza yote na kupiga kura. Mwenyekiti wetu aliamua kwamba hakuna mwanafunzi atakayekalia kiti hicho. Kibao cha jina kiliwekwa mezani, kiti kikabaki wazi, na alikataza mzaha tangu kikao cha kwanza. Nilimheshimu kwa hilo.

Wiki kadhaa kabla ya mkutano nilisoma nyaraka kuliko nilivyowahi kusoma kwa mtihani wowote. Mkataba wa Arusha wa kuleta amani Rwanda ulitiwa saini tarehe 4 Agosti 1993, hapa hapa kwetu, na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoitwa UNAMIR kikapelekwa kuusimamia. Tarehe 11 Januari 1994 kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, alituma telegramu New York kuonya kuhusu silaha zilizofichwa na mpango wa kuua Watutsi. Telegramu hiyo ilibaki kwa maofisa wa ulinzi wa amani. Wajumbe wa kawaida wa Baraza hawakuonyeshwa. Mauaji yalipoanza Aprili na askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa kwenye kikosi hicho kuuawa, Ubelgiji iliondoa watu wake. Nigeria ilisambaza rasimu ya kutaka kikosi kiimarishwe. Tarehe 20 Katibu Mkuu Boutros Boutros-Ghali akaleta njia tatu: kuongeza nguvu kwa wingi, kupunguza kikosi kibaki na watu wapatao 270, au kuondoka kabisa. Kesho yake Baraza lilipitisha azimio namba 912. Kikosi cha watu 2,500 hivi kikapunguzwa hadi 270. Kura zote ziliunga mkono, na ya Nigeria ikiwemo.

Nilipolisoma hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nchi niliyopewa ndiyo iliyotaka askari zaidi, na nchi hiyo hiyo ilinyoosha mkono kupunguza askari.

Kwenye kamati ya kihistoria mjumbe halazimiki kurudia yaliyotokea. Anaanzia mahali historia ilipokuwa, kisha anajaribu. Nilichukua njia ya kwanza ya Katibu Mkuu na kuanza kutafuta kura. Azimio linahitaji kura tisa, na lisipigiwe kura ya turufu na yeyote kati ya wale watano wa kudumu. Nilianza na nchi zisizofungamana na upande wowote: Djibouti, Oman, Pakistan. New Zealand, iliyokuwa rais wa Baraza mwezi ule, ilikuwa tayari. Jamhuri ya Czech vilevile, na kihistoria balozi wake Karel Kovanda alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaita mauaji yale mauaji ya kimbari mbele ya wenzake. Nilizunguka chumba hadi sauti ikakauka.

Ndipo mwanafunzi aliyewakilisha Uingereza, kijana mpole kutoka Mbeya, akanyoosha kibao chake. "Mheshimiwa mjumbe wa Nigeria, tuseme tumekubali. Nani ataleta askari? Nani atawaleta kwa ndege, na nani atalipa?"

Sikuwa na jibu. Na nilipoigeukia historia, nayo haikuwa nalo. Tarehe 17 Mei Baraza la kweli lilipitisha azimio namba 918 la kupeleka askari 5,500. Azimio lilikuwepo, kura zilikuwepo, askari hawakuwepo. Miezi ikapita nchi zikivutana juu ya magari na gharama, huku watu wakichinjwa. Hadi Julai, watu wapatao 800,000 walikuwa wameuawa.

Rasimu yangu ilianguka. Nikampigia mama simu usiku ule, nikamwambia kwamba wengine waliona, wengine walifichwa, na hata walipokubaliana, karatasi ilitangulia na watu hawakufika. Akakaa kimya kidogo, akaniambia: "Kumbe walikuwa na majina, mwanangu." Ndiyo, mama. Walikuwa na majina, tarehe na idadi ya kura. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema dunia ilinyamaza, namuuliza: nani, siku gani, kikao gani? Dunia haina mkono wa kunyoosha. Nchi zinao.

Swali la yule kijana wa Mbeya ndilo lililobadilisha chaguo langu lililofuata. Fomu iliporudi niliandika Kamati ya Tano ya Baraza Kuu, ile ya utawala na bajeti. Wenzangu walinishangaa. Hakuna hotuba za kuvutia huko. Kuna majedwali, mgawanyo wa michango, na mila ya kukubaliana bila kura inayowalazimu watu kukaa hadi usiku wa manane. Lakini huko ndiko inakoamuliwa kama kikosi kitapata helikopta. Mwaka wa fedha wa ulinzi wa amani huanza tarehe 1 Julai, sawa na wa serikali yetu, na kila Mei na Juni wajumbe wa kamati hiyo hupitia bajeti za vikosi mstari kwa mstari.

Mtanzania ana sababu ya kulijali hili. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa na wanajeshi wetu wasiopungua 14 wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba kikosi hakikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwaokoa, na kwamba upungufu wa usafiri wa anga, wahandisi na taarifa za kijasusi ulichangia. Ndege ile ambayo haikuwepo ni mstari kwenye jedwali la mtu fulani.

Nimebadilika pia nje ya mikutano. Kwenye serikali ya wanafunzi, kwenye mkutano wa kijiji nikiwa likizo, hata kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, nikisikia "tumeazimia" nauliza nani atafanya, kwa fedha ipi, kufikia lini. Zamani nilifikiri maswali hayo ni ya kukatisha watu tamaa. Sasa naamini ndiyo heshima kubwa unayoweza kumpa mtu anayesubiri msaada.

Mdogo wangu utakayejaza fomu mwaka huu, usiulize kamati ipi ina tuzo. Tafuta yenye jambo linalokuuma, uombe nchi ambayo msimamo wake utakusumbua, usome kumbukumbu za kura zake kabla ya hotuba zake. Na kama Kamati ya Tano imo kwenye orodha, iandike ya kwanza. Mara nyingi ina nafasi. Kama haimo, waandikie waandaaji waiweke.