Maji Yakiganda Kwenye Paipu

Leo nazungumza na watoto wetu walio Marekani na Ulaya. Wazazi mlio hapa Kianyaga, mtawapelekea.

Sisi tunaishi chini ya Kirinyaga. Theluji tunaiona kule juu asubuhi mawingu yakifunguka, lakini paipu ya nyumbani haigandi. Kwa hivyo mtoto akitoka hapa, hana wa kumfundisha. Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, jimbo lililozoea joto, na nyumba zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme. Mama mmoja wa kanisa letu alipigiwa simu na kijana wake: maji yanamwagika kutoka kwenye dari, mama tuombee. Mama akaomba. Alipomaliza akamuuliza, "Kwani hakuna pa kufunga?" Kijana hakujua. (Na huyu mama, laini ya mradi wetu wa maji ikipasuka, ndiye wa kwanza kukimbilia vali!)

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Yale yanayobaki katikati ya barafu na mfereji uliofungwa hukosa pa kwenda, na hata paipu ya chuma hupasuka. Basi usiku wa baridi kali acha mifereji idondoke kidogo, ya maji moto na ya baridi. Fungua kabati iliyo chini ya sinki ili joto la nyumba lifikie paipu. Ule mpira wa kumwagilia bustani, utoe kwenye mfereji wa nje, umwage maji yote. Paipu za darini zivishwe sponji zinazouzwa kwa kazi hiyo. Na vali kuu uitafute leo, kukiwa bado na mwanga. Umeme ukipotea, nakusihi, usiingize jiko la makaa ndani. Hewa yake huua, hata hapa kwetu baridi ya Julai ikibisha.

Kuna mtumishi atasema haya si mambo ya madhabahuni. Zaburi ya 147 inasema barafu na baridi ni za Bwana, naye huziyeyusha. Naamini, amina. Lakini Nuhu aliipaka safina lami kabla ya tone la kwanza, na Waebrania 11 inamhesabu kati ya watu wa imani.

Ijumaa kwenye kesha tutawaombea kwa majina. Nitumie jina la mji ulipo, na uniambie vali umeiona wapi.