Safari ya Nyeri: Sikukuu ya Mama wa Huruma

Mji wa Nyeri uko mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Nairobi. Msafiri hupita Thika, Sagana na Karatina, barabara ikipanda kati ya mashamba ya mahindi na kahawa. Na mbingu zikiwa safi, huuona Mlima Kenya upande wa kulia. Wakikuyu huuita Kirinyaga, na tangu kale wazee wao waliuelekea walipomwomba Ngai. Basi nchi hii si ngeni kwa ibada.

Jumamosi tarehe 23 Mei, 2015, watu maelfu kwa maelfu waliishika njia hiyo, kwa mabasi, kwa matatu na kwa miguu. Walikwenda katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji, kushuhudia Sista Irene Stefani, mtawa wa shirika la Consolata, akitangazwa kuwa Mwenye Heri. Ibada ya namna hiyo haikuwa imefanyika Kenya kabla ya siku ile. Aliyeiongoza, kwa niaba ya Papa Francis, ni Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam.

Msomaji atauliza: Mwitalia huyu alifanya nini hata akusanyikiwe na umati kama ule?

Alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliwauguza wapagazi wa jeshi, wale wa Kariakoo, katika hospitali za Voi, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi. Vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi, kijiji cha Mukurwe-ini, kusini mwa Nyeri, naye akakaa huko tangu 1920. Nchi ile ni ya miinuko na mabonde. Yeye aliizunguka kwa miguu, amevaa viatu vizito, akifundisha na kuwatazama wagonjwa.

Kazi yake moja yafaa ikumbukwe hasa na makarani. Akina mama wengi walikuwa na wana waliokwenda kutafuta kazi mbali, nao hawakujua kuandika. Sista aliwaandikia barua, na majibu yalipofika akawasomea. Mwenye kuwaandikia watu barua husikia madeni, maradhi na magomvi ya nyumba nyingi, na yampasa kuyatunza moyoni. Watu wakamwita Nyaatha, maana yake Mama wa Huruma.

Mwezi wa Oktoba 1930 alimwuguza mwalimu aliyepatwa na tauni. Ugonjwa ukamshika yeye pia, akafa tarehe 31, akiwa na umri wa miaka 39.

Kanisa lilipochunguza habari zake lilipokea ushuhuda wa Nipepe, Msumbiji. Huko, Januari 1989, watu zaidi ya 200 waliozingirwa kanisani wakati wa vita walimwomba Nyaatha awaombee, na maji machache ya ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Na siku ile ya Nyeri, duara la mwanga lilionekana likilizunguka jua. Wengi walipiga vigelegele. Wataalamu wa hali ya hewa husema duara kama hilo hutokea mwanga wa jua upitapo katika chembe za barafu zilizo kwenye mawingu membamba ya juu sana. Kila mtu alirudi kwake na maelezo aliyoyapenda.

Lakini wazee wa Gikondi hawakungoja maji wala duara. Jina la Nyaatha walimpa angali hai, kwa sababu ya viatu vile na barua zile. Roma ilikuja kulithibitisha miaka mingi baadaye.

Mabaki yake yamewekwa katika Kanisa Kuu la Nyeri, na sikukuu yake ni tarehe 31 Oktoba. Mwenye nafasi na asiishie mjini. Ateremke mpaka Gikondi, apande kilima kimoja tu kwa miguu, ndipo atakapojua jina lile lilipatikana kwa jasho gani.