Mdakaji wa akiba

Najua nimepotea, zaidi ya wiki mbili sijaandika kitu, naombeni radhi. TP imenikaba koo. Afadhali nimepangiwa shule ya karibu na chuo, kwa hiyo bado nalala hosteli na maharage ya kafeteria ni yaleyale mnayoyajua.

Basi bwana, wiki iliyopita msimamizi alikuja kunikagua. Hisabati, kidato cha pili. Andalio la somo nililiandika mpaka saa nane usiku, nikajiona nimeiva. Dakika ya kumi tu darasa likanishinda. Nyuma wanacheka, katikati wanasinzia, mimi nimeng'ang'ana na chaki. Msimamizi akaniandikia maneno mawili kwa wino mwekundu: "Unafundisha ubao." Maksi sizitaji hapa, mama anaweza kusoma.

Jioni sikula. Tusidanganyane, wengi wetu tuliingia ualimu tukifuata mkopo, na mimi ni mmojawapo. Nikaanza kuwaza kwamba labda hii kazi siyo yangu, bora niache mapema kabla sijaharibu watoto wa watu.

Rumeti wangu alicheza besiboli sekondari, walifundishwa na Wajapani wa kujitolea, na laptop yake imejaa mechi za zamani. Akaniambia, "Acha kununa, njoo umwangalie huyu mzee." Mzee mwenyewe ni Bruce Bochy, Mmarekani aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1955 kwa sababu baba yake alikuwa mwanajeshi huko. Ana kichwa kikubwa balaa, kofia yake namba 8 na 1/8. (Nilicheka kwa mara ya kwanza siku ile.)

Bochy alikuwa mdakaji. Kwa wasioujua mchezo, timu inayozuia ina watu tisa uwanjani. Wanane wanatazama kule aliko mpigaji. Mdakaji peke yake amechuchumaa nyuma ya mpigaji, anawatazama wenzake wote usoni. Anaona nani kasogea, nani kazubaa, mrushaji kachoka au bado. Enzi zake ishara walipeana kwa vidole, siku hizi tangu 2022 kuna kifaa cha kubonyeza.

Sasa sikieni. Huyu jamaa alicheza misimu tisa kati ya 1978 na 1987, Houston, New York Mets, San Diego, na jumla ya mechi zake ni 358 tu. Msimu mmoja una mechi 162! Yaani muda mwingi alikuwa benchi, mdakaji wa akiba. Kupiga nako wastani wake .239, haifiki hata mara 24 katika 100. Siku yake moja ya kutamba ni 1985, alipompiga Nolan Ryan hom rani iliyomaliza mechi palepale. Ryan ni yule aliyewatoa wapigaji 5,714, hakuna aliyemfikia.

Halafu mtu huyuhuyu akawa kocha (wenyewe wanasema meneja). San Diego kuanzia 1995, akawafikisha fainali 1998, wakafungwa na Yankees mechi nne kwa sifuri. Akahamia San Francisco, akachukua ubingwa 2010, 2012 na 2014. Akastaafu 2019, akarudi, na 2023 akawapa Texas Rangers ubingwa wao wa kwanza kabisa. Aliondoka Texas baada ya msimu wa 2025.

Rumeti alinionyesha ile mechi ya saba ya 2014, ugenini Kansas City. San Francisco wanaongoza 3-2. Bochy akamwingiza Madison Bumgarner, kijana aliyerusha mechi nzima siku tatu tu kabla, mipira 117. Kila ingwe nilikuwa nasema sasa atamtoa. Wapi! Mzee kaegemea kizuizi, anatazama tu. Kijana akarusha ingwe tano, mipira 68, hakuruhusu hata pointi. Mtu wa mwisho wa Kansas City alibaki amesimama beisi ya tatu, hatua chache afunge ya kusawazisha. Mimi na besiboli wapi na wapi, lakini nilisimama juu ya kitanda.

Nilikosa usingizi nikiwaza ile kuchuchumaa. Mwalimu naye si ndiye peke yake anayetazamana na kundi zima? Mimi dakika 40 nzima nimewapa mgongo.

Jumatatu nikamwomba mwalimu wa somo, mama mmoja mtu mzima, aingie yeye mimi nikae nyuma. Akanishangaa. "Mwanangu, umechoka tayari?" Nikamwambia hapana mama, nataka kutazama. Vipindi vitatu nikakaa dawati la mwisho na daftari. Wale wanaocheka nyuma hawaoni ubao, kuna jua linapiga kutoka dirishani. Binti mmoja ninayemwona msinziaji huwa anamaliza swali kabla ya wote, halafu analaza kichwa. Na yule mtundu kuliko wote ndiye wanayemuuliza majirani zake wakikwama.

Jana niliingia mwenyewe. Nikahamisha madawati mawili kutoka kwenye jua, nikampa yule mtundu chaki, mimi nikaenda kusimama nyuma. Alikosea ishara ya kutoa, darasa zima likapiga kelele kumsahihisha.

Msimamizi anarudi Alhamisi. Ngoja nikaandike andalio, umeme wenyewe hauaminiki.