Chai ndani ya lotoko

Kwa makabila yetu ya Ituri, pombe haikukuwa kitu cha kunywa tu. Ilikuwa namna ya kusema. Walugbara wana kwete, Waalur wana kong'o, wengine wanakamua ndizi. Mahari haikuongelewa bila chungu katikati, na watu waliokuja kusaidia kulima hawakurudi kwao na koo kavu. Mwenye nyumba alionja wa kwanza mbele ya wageni, ili kila mutu aone kwamba hakuna ubaya ndani.

Lotoko, ile pombe kali ya mahindi na mihogo, ni ya aina ingine. Wakubwa wa kikoloni waliipiga marufuku: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ulikataza hata kuitengeneza. Haikuisha. Ilihamia nyuma ya nyumba, ikapikwa usiku, na kitu cha kujificha hakina wazee wa kukichunga. Njo maana lotoko haikupata heshima ya kwete.

Leo, hapa Bunia, katika nyumba kadhaa tunaona desturi ndogo inayoanza: kuweka majani ya chai ndani ya pombe kali. Siye pia tunafanya hivyo siku za sikukuu. Kazi si nguvu. Kwa nusu lita ya pombe, vijiko viwili vya majani makavu vinatosha. Unafunika, unaacha saa moja ao mbili, unachuja na kitambaa safi. Usilaze mpaka asubuhi, sababu pombe inavuta ule uchungu wa majani haraka kuliko maji baridi, na kinywaji kinakauka mdomoni kama ganda la ndizi mbichi. Kisha unaongeza asali, ndimu, tangawizi kidogo, na chai ingine iliyopoa. Mwenye kuwa na mchaichai kwenye lupango, ile tunaita sitroneli, atumie huo.

Uzuri wake ni hesabu. Kama pombe ina alkoli 40 kwa mia, glasi moja ukiichanganya na glasi tatu za chai, unapata 10 kwa mia. Mutu anakunywa pole pole, anaongea, anakula, anarudi kwake na miguu yake mwenyewe.

Lakini hapa tuseme wazi, kama vile tunasema mbele ya wanafunzi: chai haisafishi pombe. Kuna alkoli mbaya, metanoli, inayoua macho na kisha mutu mwenyewe. Inachemka kwenye digrii 65, ile ya kunywa kwenye 78. Mama wanaopika wanajua kumwaga matone ya kwanza, na ni vizuri, lakini hizo mbili hazitengani kabisa katika pipa na mrija wa nyumbani. Na hatari kubwa zaidi ni mchuuzi anayeongeza alkoli ya kiwanda ili bidoni ijae. Kule Kabale, Uganda, mwaka 2010, watu karibu 80 walikufa juu ya waragi ya namna hiyo. Chai, asali na ndimu haviondoi metanoli hata tone moja. Vinaficha tu moto wake ulimini. Basi, kama haujui aliyepika, majani yako ya chai ubakie nayo kwa chai.

Neno la mwisho ni gumu kwetu walimu. Tangu 2019 masomo ya msingi ni ya bure, lakini sekondari wazazi wanalipa. Mama akileta franga zenye kunuka moshi, anasema: "Mwalimu, hii njo minerval ya batoto." Tunapokea. Na pombe ileile, ikiuzwa kwa kipimo kidogo kandokando ya barabara, inatukamatia vijana wa darasa la mwisho. Uganda ilikataza vifuko vya pombe kali mwaka 2019, lakini sheria peke yake haifundishi mutu kunywa. Siye tumeona miaka yote ya 1890 mpaka leo jinsi marufuku inavyopeleka kitu gizani.

Kwa hiyo ombi letu kwa wasomaji ni hili. Mama anayepika vizuri ajulikane kwa jina na jirani zake, asijifiche. Lotoko ikae mezani, mchana, mbele ya wazee, ikiwa imepunguzwa na chai, na watoto wabakie na chai yao tupu. Na kabla kikombe hakijazunguka, mwenye nyumba aonje wa kwanza, sawa vile wazee walikuwa wanafanya na kwete. Akikataa kuonja, wageni wote waweke vikombe chini.