Waridi la Mama, Majengo

Siku ya Idi binti wa kaka yangu aliniletea waridi la duka, jekundu, shina refu. Nikaliinamia kulinusa. Akashangaa: "Kwani shangazi, waridi linanukia?" Amezaliwa Dodoma, na shule kamaliza.

Hilo la duka kweli halinukii. Mawaridi hayo ya mashamba ya Arusha yamechaguliwa yastahimili safari ya ndege na kukaa chomboni siku nyingi. Harufu haikuwa hoja.

La mama, pale uani kwetu Majengo, Dodoma, lilikuwa la rangi nyepesi, dogo, petali zimesongamana, shina miiba mitupu. Harufu yake ilikuwa nzito, tamu, yenye ukali wa mbali kama wa karafuu. Kijiti alipewa na jirani yetu, mama mmoja wa Ujiji ambaye mumewe alikuwa mtu wa reli. Alikileta kwa treni, kimeviringishwa gunia bichi. Kaka anasema ilikuwa 1978, kabla ya vita vya Kagera. Mimi nakumbuka foleni za sukari, kwa hiyo naona ni baadaye. Vyovyote iwavyo, kilishika.

Dodoma mvua huja Desemba, Aprili imekwisha, kinachobaki ni upepo na vumbi. Mama alipandikiza Januari, vijiti vya unene wa penseli, macho mawili chini ya udongo, mawili juu. Kiangazi kizima waridi liliishi kwa maji ya kuoshea mchele. Samadi ya mbuzi ilisubirishwa hadi ipoe, maana mbichi huunguza mizizi. Majivu aliyapiga marufuku: maji ya visima vyetu vingi yana magadi tayari, na ukiongeza majivu jani linageuka njano, mishipa tu ndiyo inabaki kijani. Mbuzi wenyewe tuliwazuia kwa matawi ya mgunga.

Alichuma alfajiri, kabla jua halijaichukua harufu. Ikifika maulidi, petali zilitandazwa kwenye sinia, na yule mama wa Ujiji alikuja na mrashi wake wa shaba, akinyunyiza marashi, akianza na sisi watoto, viganjani, tukajipaka usoni.

Kisha tukahamia Area C, mama akafariki, wizara zikahamia Dodoma, viwanja vikapanda bei. Aliyenunua nyumba ya Majengo aling'oa kila kitu akamwaga zege ukuta hadi ukuta. Ipagala na Nkuhungu nako ni hivyo hivyo: geti la chuma, matofali ya zege mpaka kizingitini, halafu mtu analalamika joto. Wanasema nchi hii kame haioti maua. Si kweli hata kidogo. Ukame wenyewe unalisaidia waridi: ule ukungu wa madoa meusi unaopukutisha majani yake hupenda majani yaliyolowa, na hewa yetu kavu haiupi nafasi.

Dada yangu aliyeolewa Kondoa bado analo waridi la mama, kutoka shina lile lile. Nimemwagiza vijiti viwili vya Januari, na fundi ameshang'oa matofali ya uani kwangu, mita moja ya mraba karibu na mlango wa jikoni, ili maji ya mchele yasisafiri mbali.