Siku Ambayo Nyumba Hubaki Tupu

Msomaji mpenzi, nikikuambia ya kwamba iko nchi ambako siku moja kila mwaka watu wengi hufunga milango wakaenda kula porini, labda utacheka. Basi sikiliza habari za Iran, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uajemi.

Mwaka wao huanza tarehe 20 au 21 Machi, baridi inapokwisha na miti inapochipua. Sikukuu hiyo ni Nowruz, yaani siku mpya. Neno hilo unalijua: ndilo Nairuzi ya Unguja. Kwa siku kumi na mbili jamaa hutembeleana, na wadogo hutangulia kwenda kuwaamkia wakubwa. Siku ya kumi na tatu, mwanzoni mwa Aprili, huitwa Sizdah Bedar. Wazee wao walisema namba kumi na tatu ina kisirani. Basi heri kisirani kikute nyumba tupu!

Tazama wanavyofanya. Zulia hutandikwa kando ya kijito, na bibi na babu hupewa penye kivuli. Wanaume huchoma mishikaki. Akina mama hupasha chungu cha supu nzito ya tambi, maharagwe na majani mabichi. Majani ya saladi huchovywa katika sharubati ya siki, sukari na nanaa. Chai ya samawari haikatiki, na watoto hucheza mpira mpaka wachoke.

Tena kuna jambo moja la kupendeza. Kabla ya mwaka mpya mama huotesha ngano au dengu katika sahani. Siku hiyo miche hutupwa katika maji yapitayo, ichukue na uchungu wa nyumba. Nao wasichana hufunga mafundo ya majani, wakitamani mume mwema.

Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, bustani zilifungwa na watu wakaambiwa wakae nyumbani. Hapo ndipo mtu hujua ya kuwa utamu haukuwa katika nyama, bali katika kuketi pamoja.

Na wewe, msomaji, watoto wako wametawanyika kwa masomo na kazi. Ni lini mlikula wote pamoja? Mkeka unao, na mwembe upo. Waite wangali wanaitika, na babu yao angalipo. Ila mkiondoka, msiache takataka chini ya mti uliowapa kivuli.