KINGEREZA CHA MWAKA WA KWANZA: YALE MTAKAYOYAKUTA

Sisi tunaoandika ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa humanités, na mwaka wetu unakaribia mwisho. Wadogo wetu wa mwaka wa nane wametuuliza mara nyingi wakati wa rekreasio: "Bakubwa, Kingereza iko nguvu? Ni kweli mwalimu hasemi hata neno moja ya Kifaransa?" Tumeona afadhali kuwajibu wote mara moja kwa maandiko, kuliko kila mmoja wetu kuwaongopea kwa njia yake.

Jambo la kwanza mtakalokuta ni woga. Siku ya kwanza mwalimu aliingia, akasema "Good morning", tukajibu vizuri kwa pamoja. Kisha akauliza "How are you?" na sisi wote tukapiga kelele: "Fine!" Hata mwenzetu mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa malaria, kichwa juu ya meza, naye alijibu "Fine". Mwalimu akamwendea, akamtazama, akamtuma nyumbani. Halafu akaandika ubaoni "I am sick" akasema: hii nayo ni jibu. Basi somo letu la kwanza lilikuwa hili: lugha si wimbo wa kuitikia, ni kusema kitu cha kweli.

Jambo la pili ni maandiko na sauti. Sisi tumezoezwa vibaya na Kiswahili, juu Kiswahili ni rafiki mwema: namna unavyokisikia, ndivyo unavyokiandika. Kifaransa kilikwisha kutuonyesha kwamba kuna herufi zinazokaa tu mwisho wa neno bila kazi, kama wageni kwenye matanga. Lakini Kingereza kimepita. Angalieni maneno haya matatu: "though", "through", "enough". Mkia ni mmoja, herufi nne zilezile, na sauti ni tatu mbalimbali. Siku ya dikte ya kwanza, wengi wetu tulipata mbili juu ya kumi, na wengine sifuri.

Tulimuuliza mwalimu: Waingereza waliandika hivi juu ya kututesa? Akacheka, akatueleza. Zamani ile "k" ya "knife" ilikuwa inasemwa kweli. Mwaka 1476 William Caxton alileta mashini ya kuchapa vitabu katika Uingereza, na kwa vile vitabu vilizidi kuchapwa, maandiko yakaanza kukauka sawa simenti. Lakini vinywa vya watu havikukauka, viliendelea kubadilika. Ndiyo maana leo unaandika neno la mababu na kusema neno la wajukuu. Tangu siku ile hasira yetu ilipungua kidogo. Pointi hazikuongezeka mara moja, lakini hasira ilipungua.

Jambo la tatu ni Kifaransa, ambacho ni msaada na mtego pia. Wafaransa wa Normandie waliishinda Uingereza mwaka 1066, wakatawala kule muda mrefu, na maneno yao mengi yakabaki. Kwa hiyo "table", "fruit", "prison", "nation" mtayasoma bila shida, ni sauti tu ya kutengeneza. Hata Kiswahili chetu kina mali ya Kingereza bila sisi kujua: shati, baiskeli, na hata bulangeti tunayojifunika usiku wakati baridi ya Nyiragongo inashuka Mabanga. Lakini jihadharini. "Library" si duka la vitabu, ni nyumba ya kuazima vitabu na kusoma. Na mwenzetu mmoja alitaka kuomba biki, akamwambia mwalimu kwa heshima yote: "Teacher, I demand you a pen." Mwalimu akarudi nyuma, akainua mikono kama mtu aliyekutana na wezi njiani. "Demand" kwa Kingereza si kuomba, ni kudai kwa nguvu. Biki alipewa, lakini jina la "Demand" lingali linamfuata mpaka leo.

Jambo la nne linatoka kwetu wenyewe, katika lugha zetu. Kiswahili hakiulizi kama mtu ni mwanaume ao mwanamke: yeye ni yeye, anakuja, amefika, basi. Kingereza kinataka kujua kwanza. Kwa hiyo mtasikia kila siku "my mother, he is at the market" na "my father, she is a driver". Tena kuna "r" na "l" ambazo ndimi nyingi za kwetu zinazichanganya. Asubuhi moja mwenzetu aliombwa kufungua saa kwa sala. Alisimama, akafunga macho, akasema kwa sauti kubwa: "Let us play." Wale wa nyuma walifurahi sana, wakadhani tunatoka kwenda kupiga mpira. Na ile "h" ambayo Kifaransa kilitufundisha kuimeza, Kingereza kinataka itoke na pumzi. Ukiimeza, mwenye njala anakuwa mwenye hasira. Saa sita mmoja alisema "I am angry", mwalimu akauliza ni nani aliyemkosea. Akajibu: "Beans."

Mpaka hapa tumecheka, na kucheka vile hakuna dhambi, juu tulicheka pamoja na yule aliyekosa. Lakini kuna kicheko kingine ambacho tunataka kuungama mbele yenu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Katikati ya mwaka alifika katika kelasi yetu mwenzetu mmoja aliyetoka Uganda. Jamaa yake walikimbia vita zamani, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nakivale, na kule alisoma kwa Kingereza. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokota-okota. Kila alipofungua kinywa katika saa ya jeografia ao ya historia, sisi tulicheka. Si kicheko cha maharagi. Hiki kilikuwa cha kumfukuza mtu. Wengine walimwita "Muganda", ijapokuwa alizaliwa hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Hata katika saa ya Kingereza, alipojibu vizuri, tulisema anajionyesha. Baada ya majuma mawili alinyamaza. Mwalimu anamuuliza, anatazama meza tu. Tulikuwa na mtu katika kelasi aliyekuwa na kitu kile sisi wote tunachokitafuta, na tukamfunga kinywa.

Kilichotuamsha ni chupa ya dawa. Mmoja wetu alikuwa na mdogo wake mgonjwa, mwenye miaka mitatu. Mama alinunua sirop ya kikohozi, na karatasi yake yote ilikuwa Kingereza. Yeye, kwa sababu ni mwanafunzi wa Kingereza, aliombwa na mama kuisoma. Aliona "spoon", akasema: "Mama, ni kijiko, mara mbili kwa siku." Mama akachukua kijiko kikubwa cha kulia chakula. Usiku mtoto alilala usingizi mzito, hata kumwamusha kulikuwa shida. Asubuhi yule mwenzetu alikuja shuleni na karatasi ile mfukoni, hakuwa na ujasiri wa kumwendea mwalimu, akamwendea yule wa Nakivale.

Huyu alisoma mara moja tu. Akamwambia: "Hapa wameandika 'teaspoon'. Ni kijiko kidogo ya chai. Kijiko kikubwa inaitwa 'tablespoon'. Mulimupa ngapi?" Kijiko cha chai ni mililita 5, kile kikubwa ni mililita 15. Mtoto alikuwa amepewa mara tatu ya kipimo chake. Mwenzetu alikimbia nyumbani bila kuomba ruhusa, wakampeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Mungu alisaidia, yule mdogo anacheza leo. Lakini sisi tulijiuliza: na kama huyu angekataa kusema, kama tulivyomfundisha kukaa kimya?

Juma lililofuata, mchungaji wa shule alitusomesha habari iliyo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa kutaja neno moja, "Shibolethi". Watu wa Efraimu hawakuweza kuitoa ile "sh", walisema "Sibolethi", wakauawa pale pale kwenye maji. Herufi moja tu. Mchungaji hakusema mengi. Alisema tu kwamba katika jimba letu hili hatuna haja ya kuelezwa mambo ya vizuizi na ya watu wanaosikilizwa ulimi kabla ya kupita. Kisha akatuomba tusiweke kivuko kama kile katika kelasi. Hakuna aliyekohoa. Wakati wa rekreasio tulimwendea mwenzetu, watu wanne kwanza, kisha wengine, tukamwomba musamaha. Alisema: "Hakuna neno. Lakini munifundishe Kifaransa." Tulikubaliana: yeye Kingereza jumatano, sisi Kifaransa ijumaa, chini ya muti. Katika intero ya mwisho kelasi nzima ilipanda, naye akapita kwa Kifaransa na pointi moja juu ya nusu.

Mtauliza, Kingereza ni ya nini kwetu? Tazameni ng'ambo ya barrière. Gisenyi walisoma kwa Kifaransa zamani, lakini Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kingereza. Inchi yetu nayo iliingia kamili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa saba 2022, na Kingereza ni lugha ya kazi ya Jumuiya ile. Mali nyingi ya sokoni Virunga na Birere inapita Uganda, na maandiko ya makaratoni mnayaona wenyewe. Lakini sisi tumejifunza sababu iliyo karibu zaidi: kijiko.

Basi, wadogo wetu, haya ndiyo mashauri yetu. Mnunue kaye ndogo ya maneno, maneno matano kila siku, muyaseme kwa sauti mkienda kuteka maji. Verbe zisizofuata sheria, "go, went, gone" na ndugu zake, zishikeni kwa kichwa tangu mwanzo, msizingoje mtihani. Msione haya kusema "I don't understand". Ni sentensi iliyotusaidia kuliko zote. Na mtu akikosa, muchekeni kama mnajua naye atacheka. Kama hatacheka, nyamazeni, mngojeeni amalize.

Tunawashukuru waalimu wetu kwa uvumilivu, na hasa yule wa Kingereza, aliyesahihisha "he" na "she" zetu mwaka muzima bila kuchoka. Wa mwaka wa nane, karibuni. Meza zetu tunawaachia. Ile ya tatu karibu na dirisha inatikisika, muwekee jiwe.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa kwanza.